Huruma na Ghadhabu katika Sauti ya Dhiki

Watu wengi hudhani kwamba nchi ifikwapo na msukosuko, mwandishi huwa na njia mbili tu mbele yake. Ya kwanza ni kulia pamoja na wanaolia. Ya pili ni kuwakemea wanaowaliza. Ashikaye njia ya kwanza huitwa mpole, na ashikaye ya pili huitwa mkali. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba mgawanyo huo si wa kweli. Katika fasihi iliyo bora, huruma na ghadhabu hazikai nyumba mbili. Hukaa nyumba moja, na moja ikihama nyingine hudhoofika. Ushahidi wangu mkubwa nitautoa katika diwani ya Abdilatif Abdalla iitwayo Sauti ya Dhiki, ambayo mashairi yake yalitungwa gerezani, nayo ikachapishwa mwaka wa 1973.

Kwanza tuyapime maneno yenyewe, maana mjadala mwingi huharibika kwa sababu watu hutumia neno moja kwa maana mbili. Huruma si kusikitika tu. Mtu aweza kusimama dirishani akamtazama maskini anyeshewaye na mvua, akasikitika, kisha akafunga dirisha na kulala. Huyo amesikitika, lakini hakuhurumia. Huruma ni uchungu wa mwenzako kuingia mwilini mwako hata usiweze kulala. Ghadhabu nayo si hamaki. Hamaki ni moto wa mabua: huwaka ghafla, huunguza kilicho karibu, kisha huzima na kuacha majivu. Wahenga waliposema hasira hasara, walikuwa wakiisema hamaki. Ghadhabu niisemayo mimi ni ile imshikayo mtu aonapo haki inavunjwa, hata kama haki hiyo si yake. Ina sababu, ina mpaka, na ina shabaha.

Tuchukue mfano mdogo. Mwanamke ametoka Mahoo alfajiri na mikungu yake ya ndizi, akafika katika soko la Taveta. Anakuja mtu mwenye cheo, anazipiga teke ndizi zake, zinatawanyika matopeni. Wewe uliyesimama kando unahisi nini kwanza? Ukijichunguza vizuri utaona kwamba kabla hujakasirika umeona jasho la mwanamke yule, umeona safari yake, na umewaona watoto wanaomngoja nyumbani. Ghadhabu imekuja baadaye, nayo imezaliwa na yale uliyoyaona. Asiyeyaona hakasiriki, hupita. Kwa hiyo ghadhabu ya haki ni mtoto, na huruma ni mama yake. Hili ndilo jambo la kushika katika insha hii nzima.

Lugha yetu haikuanza jana kuibeba mizigo hii miwili. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwaka wa 1776 hivi hata 1840, alitunga katika miaka ambayo Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikishindana na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, mpaka mji ulipoanguka mwaka wa 1837. Mashairi yake yalisemwa mbele ya watu, watu wakayahifadhi, na yakafika katika kitabu mwaka wa 1940, karne nzima baada ya kufa kwake. Kwa watu wa pwani mtunzi hakuwa mpambaji wa harusi peke yake. Alikuwa ulimi wa mji. Mji ukiumwa, yeye husema panapouma.

Katika desturi hiyo alizaliwa Abdilatif Abdalla, mjini Mombasa, mwaka wa 1946. Ukoo wake ulikuwa na watunzi. Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, ni ndugu yake. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Abdilatif alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, umri wa wengi wenu msomao ukurasa huu. Miaka mitatu baadaye Jaramogi Oginga Odinga alijitenga na chama kilichotawala, akaongoza chama cha upinzani kilichoitwa KPU. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka wa 1968, wagombea wa chama hicho walizuiliwa kusimama. Abdilatif aliandika waraka wenye kichwa kilichokuwa swali: Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hata 1972. Sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake.

Humo gerezani hakupewa karatasi za kuandikia mashairi. Aliandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na mashairi yakatolewa nje kwa msaada wa askari jela aliyekuwa na moyo wa utu. Nawaomba wanafunzi wasilipite jambo hili haraka. Kitabu tunachokisoma leo kisingalifika mikononi mwetu kama mtu mmoja aliyevaa sare ya serikali hangalimhurumia mfungwa. Basi hata kabla ya kusoma ubeti wa kwanza tumekwisha kufundishwa jambo: dhuluma haina uso wa kila aliyevaa sare, na mwenye ghadhabu asiyetofautisha kati ya mtu na uovu atamtupia jiwe hata aliyekuwa akimfungulia mlango.

Sasa tuyatazame mashairi yenyewe. Shairi lijulikanalo sana ni "Mamba". Mtunzi anazungumza habari za mamba ajivunaye nguvu zake majini na kudhani kwamba hakuna awezaye kumgusa. Sisi tukaao karibu na Mto Lumi na Ziwa Jipe hatuhitaji kuelezwa mamba ni nini. Twajua jinsi alivyo baridi na mwenye subira, na jinsi maji yanavyotulia kabla hajashika. Lakini angalia vizuri shabaha ya mtunzi. Hamwambii mamba kwamba yeye, mfungwa, ataruka majini amrarue. Anamkumbusha kwamba naye ni kiumbe na kwamba siku yake ya kufa itafika. Hayo ni maneno ya ghadhabu, tena makali. Lakini ndani ya ukali huo mna ukweli umhusuo mkubwa na mdogo sawasawa. Kumwambia mwenye nguvu kwamba atakufa ni kumrudisha katika safu ya wanadamu, mahali alipotoroka kwa kiburi chake. Hamaki humtoa adui katika utu. Ghadhabu ya haki humwita arudi.

Shairi jingine, "Jipu", linaeleza maumivu ya jipu linaloiva. Jipu ni neno lisilopendeza, na labda mwalimu mwenye haya angalipenda mtunzi achague ua. Lakini fikirini hekima ya mfano huo. Jipu halitoki kwa jirani. Limo katika mwili wako mwenyewe. Damu yake ni damu yako. Mtu hauchukii mwili wake kwa sababu una jipu, wala haukati mguu kwa sababu ya jipu la pajani. Anataka usaha utoke ili mwili upone. Mtunzi aonaye uovu wa nchi yake kama jipu bado anaipenda nchi yake. Hapa ndipo tunapoweza kumjibu mtu adhaniye kwamba kila akosoaye serikali ni adui wa taifa. Adui hulifurahia jipu. Mpenzi hulia nalo.

Mfano mkubwa wa huruma katika diwani hii, kwa maoni yangu, ni shairi la "Usiniuwe". Humo mtoto ambaye bado yumo tumboni anamsihi mamaye asimwondolee uhai. Watu wana maoni mengi juu ya jambo lenyewe, na si kazi ya insha hii kuyaamua. Ninalotaka mwone ni kazi ya mtunzi. Mtu amefungiwa peke yake, hana wa kuzungumza naye, ana kila sababu ya kujililia. Badala yake anatafuta kiumbe aliye mnyonge kuliko yeye, aliyefungiwa mahali pa giza kuliko chumba chake, asiye na ulimi kabisa, naye anamwazima ulimi. Huu ndio utu wa fasihi. Taabu yake haikumfunga macho asione taabu za wengine, ilimfumbua. Mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwema, kwani wako wengi walioteswa ambao baadaye walitesa. Kinachomwokoa mteswa asiwe mtesi ni hiki tunachokiona hapa: kuuliza, hata katika saa yake mbaya, ni nani mwingine anayeumia.

Katika shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute" tunaona fadhila nyingine, nayo ni uadilifu kwa mpinzani. Shairi hili ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi. Ni rahisi kuona kwamba mnazi ni nchi na matunda yake, na kwamba ndugu hao ni wale wanaokula na wale wanaonyimwa. Mtunzi yuko upande gani, twajua, maana yuko gerezani kwa ajili ya upande huo. Hata hivyo hakumziba mdomo yule mwingine. Amempa zamu yake ya kusema, amempa vina vizuri na hoja zake, nasi tunamsikia. Hakimu aliyemfunga mtunzi alikuwa na nguvu za kukatiza usemi wa mshtakiwa. Mtunzi naye, katika ufalme wake mdogo wa karatasi za chooni, alikuwa na nguvu za kukatiza usemi wa mshindani wake, asizitumie. Basi ni nani kati yao aliyetawala vema?

Tena tusiisahau kazi ya arudhi. Wako wanafunzi wanaoona vina na mizani kama minyororo, wakauliza kwa nini mtu aliyekwisha fungwa gerezani ajifunge tena kwa kuhesabu silabi. Jibu langu ni kwamba mizani ni lijamu ya ghadhabu. Farasi asiye na lijamu hukimbia sana, lakini hafiki. Mtu mwenye hasira husema neno la kwanza limjialo kinywani. Mtunzi mwenye mizani hawezi. Neno la kwanza huenda halina kina kitakiwacho, basi hulazimika kutafuta la pili na la tatu, na katika kutafuta huko hasira yake hupimwa, hupoa, na hugeuka hoja. Moto ni uleule, ila sasa umo jikoni na unapika.

Haifai kusifu bila kupima, kwa hiyo nitataja na mambo mawili yanayotatiza. La kwanza ni lugha. Mashairi haya yameandikwa kwa Kimvita, na mwanafunzi wa Mahoo azungumzaye Kitaveta nyumbani na Kiswahili cha shuleni darasani atakwaa mara nyingi. Ugumu huu ni wa kweli, lakini haupiti subira. La pili ni zito zaidi. Mafumbo ya mtunzi mara nyingine yamefunikwa sana hata asomaye bila kujua historia aweza kudhani kwamba anasoma habari za mnyama au mti tu. Mtu atasema kwamba ghadhabu iliyojificha hivyo si ushujaa. Mimi naona kwamba anayesema hivyo amesahau mlango wa gereza. Fumbo lilikuwa mashua ya kuvushia maneno, na msafiri hailaumu mashua kwa kuwa si daraja.

Liko na pingamizi kubwa kuliko hayo. Watu husema: huruma huwalegeza wanaopigania haki. Anayemwona adui yake kuwa mtu hataweza kumpinga. Pingamizi hili tulijibu kwa mfano wa karibu nasi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilijenga kambi kubwa ya kizuizini huko Manyani, upande wa kaskazini wa Voi, penye njia kuu ya Nairobi. Miongoni mwa waliopita humo alikuwa Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiliwa katika kambi mbalimbali tangu 1953 hata 1960, na aliyeandika habari zake katika kitabu cha Kiingereza, Mau Mau Detainee, kilichotoka mwaka wa uhuru, 1963. Kariuki alipigwa, akanyimwa chakula, na bado aliandika barua za siri kuwashtaki watesi wake kwa wakubwa wao. Huyo hakulegea. Lakini katika kitabu chake haombi kisasi. Anataka nchi ijengwe na watu wa kila namna. Ghadhabu yake haikwisha bendera ilipobadilishwa. Alipokuwa mbunge aliendelea kusema habari za maskini wasio na ardhi, na mwezi wa Machi 1975 akauawa. Ni nani basi athubutuye kusema kwamba huruma yake ilimfanya dhaifu?

Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, iliyotoka mwaka wa 1981, tunakutana na wafanyakazi wa shamba kubwa wakiongozwa na mwanamke aitwaye Lanina. Mwandishi huyo naye aliwekwa kizuizini mwaka wa 1982. Taveta ni nchi ya mashamba ya mkonge tangu zama za wakoloni, na mtoto ambaye babu yake alikata mkonge hatahitaji maelezo marefu ya tamthilia hiyo. Humo ghadhabu ina sauti kubwa kuliko katika Sauti ya Dhiki, kwa kuwa jukwaa lina desturi ya kusema kwa nguvu. Lakini hata humo ghadhabu inaanza mahali pake pa haki, yaani katika mikono, migongo na matumbo ya watu wafanyao kazi. Mwandishi hakuanza kwa kumchukia bwana shamba. Alianza kwa kuwatazama watumishi wake.

Sasa tutazame upande wa pili, ili tujue jambo hili lina uzito gani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika machafuko. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti kwamba watu 1,133 walikufa. Kabla ya mapanga kutoka alani, maneno yalikuwa yamekwisha toka: vijikaratasi, nyimbo, na matangazo yaliyowaita majirani magugu na wageni. Maneno hayo yalikuwa na hasira nyingi, na baadhi ya hasira hizo zilikuwa na asili ya kweli katika madai ya ardhi na kunyimwa haki. Kilichokosekana ni mama yake, huruma. Mtu aliyekwisha itwa gugu hana mtoto, hana jina, hana usingizi. Kung'olewa kwake hakumwumizi mng'oaji. Hapa ndipo tunapoona kwamba uhakiki wa fasihi si mchezo wa mtihani. Taifa lisilojua kutofautisha ghadhabu na chuki hulipa kwa damu.

Wanafunzi wa leo wanalijua jambo hili kwa karibu. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana katika miji mingi kuupinga Muswada wa Fedha, na wengine hawakurudi makwao. Katika siku hizo mashairi na nyimbo nyingi zilipitishwa kutoka simu moja hata nyingine. Mengine yalikuwa hamaki tupu, nayo yamekwisha sahauliwa. Mengine yaliwataja waliokufa, yakawalilia mama zao, kisha yakauliza kwa sauti thabiti ni nani atakayejibu. Hayo ya pili yatakaa. Msomaji aliyejifunza kwa Abdilatif hatashangaa kwa nini.

Basi usomapo kazi yoyote iliyoandikwa wakati wa msukosuko, iulize maswali matatu. Kwanza, mwandishi huyu anamlilia nani? Ikiwa anajililia mwenyewe tu, au watu wa kabila lake tu, huruma yake ni fupi. Pili, anamkasirikia nani, tena kwa tendo gani? Ikiwa anamkasirikia mtu kwa alivyozaliwa wala si kwa alivyotenda, hiyo si ghadhabu bali chuki iliyovaa kanzu ya haki. Tatu, ukiisha kufunga kitabu, umewaona watu wengi zaidi kuliko ulivyowaona kabla ya kukifungua, au wachache zaidi? Kitabu chema huongeza hesabu ya watu machoni petu. Kitabu kibaya huipunguza.

Na ninyi mnaoandika, maana najua kwamba madaftari yenu yana kurasa za nyuma ambazo mwalimu hazisahihishi, msiogope kukasirika. Nchi isiyo na vijana wa kukasirikia dhuluma ni nchi iliyokwisha lala. Lakini kabla ya kuandika neno la ghadhabu, kaeni kwanza na yule aliyedhulumiwa. Mjueni jina lake, kazi yake, njaa yake. Mkiisha kumjua, ghadhabu itakuja yenyewe, nayo itajua njia.

Sauti ya Dhiki ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974. Aliyefungwa na serikali ya mtu huyo akatunukiwa kwa jina la mtu huyohuyo. Waliomfunga walidhani kwamba wameifunga sauti, kumbe walikuwa wamefunga mwili tu. Sauti ilitoka nje, nayo ilitoka safi, bila sumu ya chuki. Kama ingalitoka na chuki, ingalizeeka pamoja na wale iliowachukia. Ilitoka na huruma, na kwa hiyo hata sasa ina kazi ya kufanya.